NYASI ZA NYUMA YA NYUMBA: TUCHAGUE ZIPI?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi wa nchi ya majani chai tungeongeza: usipopanda nyasi utazoa matope. Tazama nyuma ya nyumba nyingi kuanzia Kericho mjini hadi Litein na Silibwet. Mbele kuna maua, lakini nyuma, pale kamba ya nguo ilipo na kuku wanapochakura, ni udongo mtupu. Kiangazi ni vumbi, masika ni matope hadi jikoni.

Msomaji mpendwa, usidhani hili ni jambo la urembo tu. Huku kwetu mvua haina mchezo, na mara nyingi huja na mawe. Matone yakigonga udongo mtupu huulegeza, na maji yanayoteremka huubeba. Udongo wa juu wenye rutuba ndio hutangulia kwenda. Ule wa Silibwet huingia mto Nyangores, ambao hukutana na Amala na kuwa mto Mara, kisha safari huishia Ziwa Viktoria karibu na Musoma, Tanzania. Kumbe twatoa rutuba yetu bure!

Basi tupande nyasi gani? Kwanza jiulize maswali matatu. Je, mahali hapo pana jua au kivuli? Panakanyagwa kiasi gani? Kiangazi chake ni kirefu au kifupi?

(a) Nyasi za Kikuyu. Hizi ni wenyeji wa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Zilipata jina lao kwa Wakikuyu, lakini zimejaa kando ya barabara zetu. Hutambaa juu ya ardhi na chini yake pia, hivyo hushika udongo barabara. Ukizikanyaga au ng'ombe akizila, huchipuka tena. Hupenda jua, mvua na samadi. Kwa uwanja ulio wazi huku kwenye chai, hizi ndizo bora, na hazinunuliwi.

(b) Ukoka. Huu una majani membamba na hustahimili kiangazi. Hupenda joto na jua kali, kwa hivyo unawafaa zaidi wenzetu wa sehemu za chini za Bomet, kama vile Sigor na Chebunyo, ambako mvua ni haba.

(c) Nyasi za Pemba. Zina majani mapana na hustahimili kivuli kuliko hizo mbili, ila hazipendi kukanyagwa sana. Hupatikana kwa wauza miche. Zipande upande wa nyumba usiopata jua. Chini ya mikaratusi, hata hizi zitahangaika, kwa maana mti huo hunyonya maji mengi.

JINSI YA KUPANDA
Ngoja mvua ya Machi au Aprili ianze. Lima, toa magugu, changanya samadi iliyooza. Kata vipande vya nyasi vyenye vifundo viwili au vitatu. Chimba vijifereji vinavyokingama na mteremko, wala si vya kushuka nao, ili maji yasipate njia. Panda kwa nafasi ya sentimita 20 hivi, funika vifundo, acha ncha nje, kisha kanyaga kidogo. Zuia ng'ombe, kuku na watoto mpaka nyasi zishikane. Ukifyeka kwa slasha, usikwangue hadi udongo uonekane.

TAHADHARI
Kilicho dawa hapa ni sumu pale. Nyasi za Kikuyu zikiingia kwenye sukuma wiki au chai changa, utazing'oa hadi uchoke. Zilipelekwa nchi za mbali kama Australia, na Marekani zimo katika orodha ya magugu mabaya. Kwa hivyo chimba mtaro mwembamba kati ya nyasi na bustani, na uusafishe mara kwa mara.

LUGHA KIDOGO
Wengi wetu husema "nyasi hii imemea" au "manyasi". Tukumbuke kwamba neno hili limo katika ngeli ya U-ZI: unyasi huu umemea, nyasi hizi zimemea.

ZOEZI
1. Kwa nini vijifereji vikingame na mteremko?
2. Nyuma ya bweni pana kivuli asubuhi na jioni. Ungechagua nyasi zipi, na kwa nini?
3. Sahihisha: "Manyasi hii imekanyagwa na ng'ombe."

Shime wenzangu! Likizo ya Aprili ikifika, mvua itakuwa imeanza. Chukua jembe na gunia, chota nyasi kando ya njia, uzibe ufa wa nyuma ya nyumba yenu kabla haujawa korongo.