Mpangilio Kwanza, Miaka Baadaye: Miamba ya Kisii na Nyamira na Umri wa Dunia

Ukingo wa Manga, ulioinuka kati ya mji wa Kisii na Nyamira, ni kwatzaiti, yaani mchanga wa kale ulioshikamana hata ukawa mwamba mgumu kuliko karibu yote inayouzunguka. Umebaki wima kwa sababu miamba ya pembeni ililika mapema, ikawa udongo mwekundu unaolea migomba na majani chai. Kusini, katika machimbo ya Tabaka, wachimbaji hutoa jiwe la sabuni ambalo asili yake ni mwamba wa volkano uliolainishwa na maji ya moto ya chini ya ardhi. Sehemu kubwa ya vilima vya Nyamira nayo ni lava zilizomwagika na kupoa. Wataalamu wanaposema kwamba mawe haya yana mamia ya mamilioni ya miaka, na kwamba mengine ya jirani yamepita bilioni mbili na nusu, mkazi ana haki ya kuuliza wamejuaje. Jibu la kijitabu hiki ni kwamba elimu hii husimama juu ya ushahidi wa aina mbili usiotegemeana. Wa kwanza ni mpangilio wa miamba, ambao mtu yeyote mwenye macho na subira anaweza kuukagua. Wa pili ni vipimo vya maabara, ambavyo haviaminiki mpaka viutii huo mpangilio.

Tuanze na mpangilio. Mwaka 1669 Nicolaus Steno, tabibu wa Denmark aliyefanya kazi Italia, alieleza kanuni ambayo hadi leo haijapata mpinzani wa maana: katika matabaka yaliyolala bila kupinduliwa, la chini liliwekwa kabla ya la juu. Kuna pia kanuni ya pili, kwamba mwamba unaoukata mwingine ni mdogo kwa umri kuliko ule uliokatwa, kama vile plasta haiwezi kutangulia ukuta iliopakwa. Kwa kanuni hizi mbili mwanajiolojia A. Huddleston aliichora ramani ya eneo hili, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1951 na idara ya jiolojia ya serikali ya Kenya. Chini kabisa mwa kundi la miamba ya Kisii kuna basalti, lava nyeusi na nzito. Juu yake yamelala matabaka ya mchanga yaliyogeuka kwatzaiti ya Manga. Juu ya hayo zimefuata lava nyepesi zaidi kama rayolaiti na andesaiti, zile zinazotawala vilima vya kati na vya mashariki. Matabaka yote haya yameinama kidogo tu, hayakukunjwa sana. Basi volkano zililipuka, zikanyamaza kwa muda wa kutosha maji kusambaza mchanga mpana, kisha zikalipuka tena kwa lava ya aina nyingine. Mpaka hapa hatujataja mwaka hata mmoja.

Jambo zito zaidi liko chini ya hiyo basalti, na ndilo ningependa kila mwalimu wa jiografia alifundishe kwa makini. Ukishuka magharibi kuelekea Oyugis na Migori unaiacha miamba ya Kisii na kuingia katika miamba ya namna nyingine kabisa. Kuna lava na mashapo ya kundi la Nyanza, yaliyokunjwa na kusimamishwa hata matabaka yake mengi yanakaribia kuwa wima, nayo ndiyo yenye dhahabu ya Migori. Kuna kundi jingine lililowekwa juu yake, na ndani ya mashapo yake mna kokoto zilizovunjika kutoka miamba ya Nyanza. Kokoto haziwezi kuvunjika kutoka mwamba ambao haujakuwepo. Kisha ipo granaiti, iliyopenya na kuyakata makundi yote mawili. Chembe zake ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa jicho, na chembe kubwa hukua pale tu mwamba ulioyeyuka unapopoa polepole chini sana ya uso wa nchi. Hata hivyo, lava za Kisii zimelala juu ya granaiti hiyohiyo, zikiwa hazikukunjwa pamoja na miamba ya chini. Mtu afuate mlolongo huo bila haraka. Miamba ya Nyanza iliundwa, ikamomonyoka, kokoto zake zikazikwa. Vyote vikakunjwa. Granaiti ikapenya kutoka chini, ikapoa, na milima iliyoifunika ikalika yote mpaka ikafika juani. Hapo ndipo basalti ya kwanza ya Kisii ilipomwagika. Historia hii ni ndefu mno hata kabla ya kupimwa kwa namba.

Namba zilichelewa. Katika karne ya 19 mwanafizikia William Thomson, aliyeitwa baadaye Lord Kelvin, alikadiria umri wa dunia kwa kuangalia jinsi inavyopoa, akapata makumi ya mamilioni ya miaka. Wanajiolojia walioona matabaka waliona muda huo hautoshi, lakini hawakuwa na kipimo cha kumjibu. Mwaka 1896 Henri Becquerel aligundua mionzi ya uraniamu, na ikaja kufahamika kwamba baadhi ya atomi hubadilika zenyewe kuwa atomi za aina nyingine, kwa kasi isiyojali joto wala shinikizo la kawaida la ardhini. Mwingereza Arthur Holmes alichapisha umri wa miamba kwa njia hii mwaka 1911, na mwaka huohuo akaja Msumbiji kutafuta madini, akaugua malaria, na akaendelea kuifikiria saa hiyo ya mawe. Yenyewe hufanya kazi hivi: nusu ya atomi za uraniamu 238 hugeuka kuwa risasi kwa miaka bilioni 4.47. Nusu ya zilizobaki hugeuka kwa muda kama huo tena. Potasiamu 40 inahitaji miaka bilioni 1.25, na sehemu yake hugeuka kuwa gesi ya agoni. Ukipima kilichobaki na kilichozaliwa, unajua muda uliopita.

Mpinzani makini huuliza papo hapo: nani alijua jiwe lilianza na risasi kiasi gani? Swali ni zuri, na jibu limo ndani ya madini madogo yaitwayo zirkoni, yanayopatikana sana katika granaiti. Zirkoni inapoumbika huipokea uraniamu na kuikataa risasi, kwa sababu atomi za risasi hazikai vizuri katika umbile lake. Risasi inayokutwa humo baadaye imezaliwa humo. Isitoshe, uraniamu ina saa mbili ndani ya chembe moja, kwa kuwa uraniamu 235 hugeuka kuwa risasi ya aina nyingine kwa kasi tofauti, nusu yake kwa miaka milioni 704. Chembe ikiwa imevuja au kuchafuliwa, saa hizo mbili hutofautiana, na mpimaji hujua kwamba kuna hitilafu. Zikikubaliana, ni vigumu kuona sababu nyingine isipokuwa kwamba zinasema kweli. Vipimo vya namna hii, pamoja na vingine, vimeiweka miamba ya kundi la Nyanza katika umri unaozidi miaka bilioni 2.6. Dunia yenyewe, kwa vipimo vya vimondo alivyotangaza Clair Patterson mwaka 1956, ina miaka bilioni 4.55.

Njia hizi zina mipaka, na Kisii ni mahali pazuri pa kuionyesha. Saa ya potasiamu hutegemea agoni ibaki imefungwa ndani ya jiwe. Maji ya moto yaliyoitengeneza malighafi ya wachongaji wa Tabaka yalivuruga madini ya awali na kuyageuza mapya, na agoni ikapata mwanya wa kutoroka. Jiwe kama hilo likipimwa litaonekana dogo kuliko lilivyo, au litatoa tarehe ya kulainishwa kwake, si ya kuzaliwa kwake. Katika miamba hii hakuna pia visukuku vya mifupa au magamba vya kusaidia, kwa sababu iliwekwa kabla ya wanyama wenye viungo hivyo kuenea baharini. Ndiyo maana vitabu huiweka katika kundi kubwa la Bukoba, lililopewa jina la mji wa Tanzania, kwa kufuata mpangilio na ufanano zaidi kuliko kwa tarehe moja iliyokamilika. Mtafiti mwaminifu hulisema hilo wazi. Kutojua mwaka kamili wa basalti ya Kisii hakuibadilishi nafasi yake juu ya granaiti.

Wengine husema kwamba wanasayansi huchagua tarehe wanazozipenda. Kisa cha Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, kinaonyesha kinyume. Mwaka 1970 tabaka moja la majivu ya volkano pale lilipewa umri wa takriban miaka milioni 2.6. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, wa kikosi cha Richard Leakey, akaona vipande vya fuvu lililopata umaarufu kwa namba 1470, chini ya tabaka hilo. Tarehe ya kale ililipa fuvu heshima kubwa. Lakini waliochunguza meno ya nguruwe wa kale walikuta kwamba nguruwe wa Koobi Fora wanafanana na wa bonde la Omo, Ethiopia, waliokuwa wadogo zaidi kwa umri. Maabara nyingine ikapata miaka isiyofika milioni mbili. Mabishano yakaendelea kwa takriban muongo mzima, mpaka vipimo vipya vya mwaka 1980, kwa njia mbili tofauti, vilipokubaliana karibu na miaka milioni 1.9. Iliyopendwa na wagunduzi ndiyo iliyoanguka, na iliangushwa kwa sababu haikupatana na ushahidi wa matabaka na visukuku.

Pingamizi la kina zaidi ni kwamba huenda kasi ya kubadilika kwa atomi haikuwa hii zamani. Afrika ina ushahidi unaolijibu. Mwaka 1972 iligunduliwa kwamba uraniamu ya Oklo, Gabon, ilikuwa imewaka yenyewe kama tanuri la nyuklia karibu miaka bilioni mbili iliyopita, na masalia yake yanaonyesha kwamba nguvu zinazotawala atomi zilikuwa zilezile za leo. Tena, mionzi hutoa joto. Kama mabadiliko ya mabilioni ya miaka yangebanwa katika miaka elfu chache, joto lake lingeyeyusha miamba tunayotembea juu yake.

Limebaki swali ambalo katika kaunti hizi mbili haliwezi kupitwa kimya, maana makanisa ndiyo yaliyojenga shule zetu nyingi za kwanza, na waumini wengi wamefundishwa kwamba matabaka yote ni kazi ya gharika moja ya siku za Nuhu. Kijitabu hiki hakina neno juu ya nani aliyeumba au kwa nini. Hayo hayapimwi kwa zirkoni. Ila dai kwamba gharika moja iliweka miamba ya hapa ni dai kuhusu mawe, na mawe yanaweza kuulizwa. Maji ya mwaka mmoja yangewezaje kuweka mashapo, kuyafanya mwamba, kuyavunja kuwa kokoto, kuyakunja, kuruhusu granaiti ipoe polepole chini yake, kuiondolea kifuniko chote, kisha kuacha lava imwagike juu yake? Hatua moja tu kati ya hizo, kupoa kwa granaiti, huhitaji maelfu kwa maelfu ya miaka. Wapo waumini wengi, mapadri na wachungaji wakiwamo, wanaoukubali umri huu na hawaoni kwamba imani yao imepunguzwa.

Kosa moja dogo lirekebishwe hapa: miamba ya Kisii haipimwi kwa kaboni 14. Nusu ya kaboni hiyo hupotea kwa miaka 5,730, na baada ya takriban miaka 50,000 hubaki kidogo mno kupimika. Inafaa kwa mkaa wa jiko la kale au mfupa. Anayesema kaboni haiwezi kupima mamilioni ya miaka amesema kweli, ila hakuna aliyedai kwamba inaweza.

Ushahidi wa aina ya kwanza unahitaji kuonekana, na hapo wakazi wana kazi yao. Barabara inapokatwa kilimani, au shimo la Tabaka linaposhuka hadi mahali jiwe la sabuni linapokutana na mwamba mgumu ambao haukulainika, hapo ndipo mpangilio husomeka. Mashimo mengi baadaye hujazwa kifusi, na kingo za barabara hufunikwa na majani. Wenye machimbo wakiacha ukuta mmoja ulio salama bila kuufunika, na shule zilizo karibu zikaupiga picha, zikachora matabaka yake na kuandika mahali ulipo na mwelekeo wa mwinamo wake, wanafunzi watakuwa na kumbukumbu ambayo mtafiti ajaye na vyombo vya maabara atalazimika kuianzia.