WASIWASI KABLA YA MECHI: TUWASAIDIEJE VIJANA WETU?

Jambo hili sote tumeliona. Kijana anafunga mabao kila siku mazoezini, lakini siku ya fainali anapewa penalti na kuupaisha mpira juu ya lango. Watu wanamzomea, kocha anamwita mwoga, na wiki inayofuata haonekani tena uwanjani. Hivyo ndivyo tunavyowapoteza vijana. Hebu tujifunze kinachompata.

Maneno matatu

Hamasa ni mwili na akili kuamka tayari kwa kazi. Mkazo ni mzigo unaomwangukia mchezaji: fainali, umati, baba anayetazama. Wasiwasi ni ile hofu inayomwingia akiona mzigo umemzidi nguvu.

Mwilini kunatokea nini?

Mwili hutoa adrenalini. Moyo unadunda, viganja vinatoa jasho, tumbo linavurugika, na choo anakiendea kila mara. Huu si ugonjwa wala si uoga, mwili unajitayarisha. Shida ni pale inapopita kiasi. Misuli inakakamaa, na mchezaji hamwoni mwenzake aliye wazi kando yake.

Hamasa ni kama moto wa jikoni: ukiwa mdogo ugali hauivi, ukizidi unaungua. Mwaka 1908, Wamarekani wawili, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafundisha panya kuchagua njia kwa kuwapiga shoti ndogo ya umeme. Kazi ilipokuwa rahisi, shoti kali iliwasaidia kujifunza upesi. Ilipokuwa ngumu, shoti ya kadiri ndiyo iliyofaa. Baadaye walimu wa michezo walilichukua funzo hilo. Anayevuta kamba anaweza kufaidika na kelele nyingi, lakini anayepiga penalti, mita 11 kutoka langoni, anahitaji utulivu.

Hata wakubwa hupitia hapo. Agosti 2025, Harambee Stars walitolewa kwa penalti na Madagaska, baada ya sare ya 1-1, katika robo fainali ya CHAN pale Kasarani.

Tufanye nini?

1. Tufanye mazoezi ya penalti vijana wakiwa wamechoka na wenzao wakipiga kelele, ili wazoee.
2. Mchezaji apumue polepole, akikawia zaidi kutoa pumzi kuliko kuivuta.
3. Refa akipiga filimbi, asikimbilie kupiga. Uchunguzi wa mashindano makubwa umeonyesha kwamba wanaoharakisha hukosa zaidi.
4. Kocha amwambie la kufanya ("piga chini, kona ya kushoto"), si la kuogopa ("usikose!").
5. Amjue kila mmoja. Yuko anayehitaji kuamshwa, na yuko anayehitaji kutulizwa.
6. Akikosa, wa kwanza kumfikia awe kocha au mzazi, na asimgombeze.

Maswali ya kujadili kikundini

Je, sisi tulio kando ya uwanja tunapunguza mzigo wa mchezaji au tunauongeza? Ni kijana gani aliyeacha kucheza kwa sababu ya maneno yetu, na nani kati yetu atakwenda kumwita arudi?