Injini ya Boti Inapokosa Mafuta: Jinsi ya Kutafuta Kasoro Hatua kwa Hatua

Katika Ziwa Naivasha, boti za injini hubeba watalii wanaokwenda kutazama viboko na ndege, na pia huwasaidia wavuvi. Injini ikizimika alasiri, upepo husukuma boti hadi kwenye mafunjo, ambako viboko hujificha. Ndiyo maana kila mhudumu wa boti anapaswa kujua njia ya mafuta, kuanzia tangini hadi kwenye injini, na kuikagua kabla ya kutoka ufuoni.

Dalili

Injini inayokosa mafuta hupungua nguvu, hukohoa, kisha huzimika. Mara nyingi huwaka tena baada ya muda mfupi, halafu huzimika tena. Ikizimika ghafla, itazamwe kwanza kamba ya usalama ya kuzimia injini, kwani huenda imechomoka. Ikiwa maji ya kupoza injini hayatoki, huenda magugumaji yameziba mahali yanapoingilia. Hiyo si kasoro ya mafuta, na injini izimwe mara moja.

Kufuata njia ya mafuta

1. *Tangi.* Mhudumu ahakikishe kuna petroli ya kutosha na kwamba tundu la hewa kwenye kifuniko limefunguliwa. Likifungwa, hewa haiingii kujaza nafasi ya mafuta yaliyotumika, na baada ya dakika chache injini hukaukiwa. Kifuniko kikilegezwa na hewa ikasikika ikivutwa ndani, kasoro ni hiyo.

2. *Paipu.* Ikaguliwe kama imepasuka, imejikunja au imekanyagwa na mzigo. Viungo vyake vikilegea, injini huvuta hewa badala ya petroli.

3. *Pampu ya mpira ya mkono.* Ibonyezwe mshale wake ukielekea juu. Pampu hii humwonyesha mhudumu kasoro iko wapi:
   - Ikibaki imebonyea, kuna kizuizi upande wa tangi.
   - Isipokuwa ngumu hata baada ya kubonyezwa mara nyingi, mafuta yamekwisha, hewa inaingia au vali zake zimechoka.
   - Ikiwa ngumu na injini bado haipati mafuta, kizuizi kiko mbele, kwenye filta au kabureta.
   - Injini ikiendelea kunguruma pale tu pampu inapobonyezwa, huenda pampu ya injini imedhoofika au hewa inaingia kwenye paipu.

4. *Filta.* Ikiwa na uchafu, isafishwe au ibadilishwe. Petroli kidogo itiwe kwenye chupa safi inayopitisha mwanga na iachwe itulie. Maji, kama yamo, yatakaa chini. Tangi lililoachwa nusu usiku wa baridi hukusanya unyevu, na petroli iliyokaa miezi mingi huacha utando kwenye kabureta.

Injini isiyopangwa kwa ajili ya nyanda za juu

Naivasha iko takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Injini ya kabureta iliyopangwa kwa matumizi ya pwani hupata petroli nyingi kupita kiasi ikiletwa hapa: hutoa moshi mweusi, plagi hulowa na nguvu hupungua. Kuiongezea mafuta hakusaidii. Fundi ndiye anayepaswa kuirekebisha.

Usalama

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia chini ya boti. Tangi la kubebeka lijazwe likiwa nchi kavu, injini ikiwa imezimwa, na pasiwe na sigara wala moto karibu. Harufu ya petroli ikisikika, injini isiwashwe mpaka boti ipate hewa na uvujaji ukomeshwe.

Injini ikizimika ziwani, nanga itupwe kwanza ili boti isisukumwe na upepo. Abiria wabaki wameketi na jaketi zao za kuokoa maisha, kisha mhudumu akague tundu la hewa, paipu na pampu ya mkono. Filta na kabureta zisifunguliwe majini abiria wakiwa ndani. Ikishindikana, apige simu kwa kikundi cha usimamizi wa ufuo (BMU) au namba ya dharura 999 au 112.

Boti isiondoke bila makasia, nanga, simu iliyochajiwa na petroli ya kwenda, ya kurudi na ya akiba.