SOMO LA ORDINATERE: DISKI YA KUJARIBIA NA DISKI NGUMU



Wengi wanauliza: kama Knoppix inatembea vizuri toka CD ao DVD, juu ya nini inaharibika kisha kuiweka ndani ya diski ngumu? Tufahamu pole pole.

1. Knoppix ilitoka mwaka 2000. Mwenye kuitengeneza ni Klaus Knopper wa Ujerumani. CD zake za MB 700 zilibeba programu za GB 2 hivi, zenye kukazwa. Mashine inazisoma pale na kutumika ndani ya kumbukumbu yake. Ukizima, diski ngumu inabaki vile ilikuwa.

2. Msingi wake ni Debian, yenye iko na matawi: lenye kutulia, lenye kujaribiwa, na lenye kubadilika kila mara. Knoppix inayachanganya. Toka CD hakuna shida, kwani CD haibadiliki. Lakini ukiisha kuiweka kwa diski ngumu na kuagiza programu mpya, moja inadai toleo hili, ingine toleo lile. Zingine zinaondolewa, na mashine inaweza kukataa kuamka.

3. Basi tufanye hivi. Tujaribu mashine kwa CD. Tunakili kwanza pointi za mitihani na barua zote kwa chombo kingine, maana kugawanya diski kunaweza kufuta vyote. Kisha tuweke Debian yenyewe, tawi lenye kutulia. Hema ni nzuri kwa safari, lakini hatuipigi mabati.

Maulizo: (a) Toka CD, mashine inatumika ndani ya nini? (b) Tunanakili lini, na kwa nini?