Umestaafu, Unataka Kuibadili Itigi? Anzia Hapa

Mtumishi wa umma nchini Tanzania hustaafu kwa lazima akifika miaka 60. Nguvu za jembe zinapungua, lakini uzito wa neno lake ndio kwanza unaongezeka. Mwalimu Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985 akiwa na miaka 63, na mauti yalimkuta mwaka 1999 akiwa bado msuluhishi wa mgogoro wa Burundi. Wewe mwalimu, mwuguzi au mtu wa reli uliyestaafu Itigi huna haja ya kwenda mbali hivyo. Kazi ipo kijijini kwako.

1. Shika jambo moja. Ukibeba maji, shule, mirathi na misitu kwa pamoja, utachoka kabla ya mvua za kwanza. Tuseme umechagua vichaka vya Itigi, ile miti mifupi iliyosongamana, inayofyekwa kwa ajili ya mashamba na mkaa. Wewe unakumbuka vilikuwa vinaishia wapi. Kijana wa leo hajui.

2. Andika unachokumbuka. Ukisimama na "enzi zetu", watu watakuitikia kwa adabu, kisha waendelee na yao. Nunua daftari. Andika majina ya mahali, mipaka, miaka na mashahidi walio hai.

3. Pitia mlango wa sheria. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Kwa hiyo peleka hoja yako kwa mtendaji wa kijiji mapema, kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri. Kama jambo lako ni wajane wanaonyang'anywa mashamba, fuatilia baraza la ardhi la kijiji, ambalo husuluhisha migogoro. Lina wajumbe 7, na watatu kati yao ni wanawake. Nafasi ikitokea, mshawishi bibi mwenye msimamo akubali kupendekezwa.

4. Mkiunda kikundi, usigombee uenyekiti. Mzee akikalia kiti, vijana hunyamaza kwa heshima, na siku akiugua, kikundi nacho kinaugua. Kaa pembeni uwe mshauri. Kijana ashike kalamu na simu, azunguke na bodaboda, na makosa madogo ayafanye wewe ukiwa bado upo wa kumwelekeza.

5. Usiguse kiinua mgongo. Toa muda, busara na watu unaofahamiana nao. Fedha zitoke kwenye michango ya wote, na mapato na matumizi yasomwe hadharani. Ukishakuwa mfadhili, hakuna atakayekuambia ukweli.

Kesho asubuhi, pita ofisi ya kijiji umwulize mtendaji tarehe ya mkutano mkuu ujao. Akishindwa kuitaja, basi hilo ndilo jambo lako la kwanza.