Kinu cha Maji cha Ndugu Ellicott

Kinu cha unga hakina kazi pasipo nafaka, na mto hata ukiwa na nguvu namna gani hausagi kitu ikiwa mashamba ya jirani hayana ngano. Jambo hili lilikuwa wazi kwa ndugu watatu, Joseph, Andrew na John Ellicott, walipotoka Pennsylvania mwaka 1772 kwenda kujenga kinu penye mto Patapsco katika Maryland, kama maili kumi kutoka Baltimore. Walikuwa watu wa dhehebu la Marafiki, dhehebu lile lile ambalo wajumbe wake walianzisha misheni ya Kaimosi mwaka 1902.

Bonde lilikuwa pori na mawe, wala hapakuwa na njia ya magari kufika mtoni. Na shida kubwa zaidi ilikuwa mashambani. Wakulima wa Maryland walikuwa wamezoea kupanda tumbaku, iliyolimwa na watumwa, na tumbaku ilikuwa imekwisha kuchosha ardhi. Basi ndugu hao wakawashawishi wapande ngano, nao watainunua. Charles Carroll, bwana mwenye mashamba makubwa, akakubali, na wengine wakafuata. Akina Ellicott wakaleta jasi, wakaisaga katika kinu chao na kuwafundisha wakulima kuinyunyiza shambani ili udongo upate nguvu tena. Kisha wakachonga barabara mpaka Baltimore kwa fedha zao wenyewe, na huko wakajenga gati ya kupakia unga melini.

Namna kinu cha maji kinavyofanya kazi si vigumu kuelewa. Mto huzuiwa kwa boma, maji yakaongozwa katika mfereji mpaka kwenye gurudumu kubwa. Gurudumu likizunguka huzungusha magurudumu mengine yenye meno, nayo huzungusha jiwe la juu. Jiwe la chini halitembei. Ngano huingia katikati na unga hutoka pembeni.

Lakini kazi nyingine zote zilifanywa na watu. Walipanda ngazi na magunia mabegani, wakatandaza unga sakafuni upoe, maana unga utokao kwenye mawe una joto na unyevu, ukichekechwa hivyo huziba chekeche. Walipita juu yake na viatu vyao, na uchafu ukaingia chakulani. Oliver Evans, fundi wa Delaware, alibuni dawa ya taabu hiyo katika miaka ya 1780: ukanda wenye vikombe vya kupandisha nafaka, parafujo ndefu ya kuisukuma kando, na reki izungukayo yenyewe kupoza unga. Wasagaji wengi wa nchi yake walimdharau. Akina Ellicott walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzitumia mashine zake, na kinu chao kilichotoa mapipa 325 ya unga kwa siku kikaokoa dola 4,875 kwa mwaka katika mishahara peke yake. Evans alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake mwaka 1790.

Karibu na kinu alikaa Benjamin Banneker, mtu mweusi aliyezaliwa huru mwaka 1731, mkulima wa tumbaku. Alipenda kuja kuitazama mitambo. George, mwana wa Andrew, akafanya urafiki naye, akamwazima vitabu vya elimu ya nyota na darubini. Banneker, ambaye umri wake ulikuwa umepita miaka 55, akajifundisha bila mwalimu. Mwaka 1791 alimsaidia Meja Andrew Ellicott, mwana wa Joseph, kupima ardhi ya mji mkuu wa Washington, na kalenda yake ya nyota ya mwaka 1792 ikapigwa chapa na kuuzwa.

Mwezi wa Mei 1830 reli kutoka Baltimore ilifika kijijini. Lakini utajiri haukudumu katika ukoo: msukosuko wa mabenki wa mwaka 1837 uliwanyang'anya kinu, kikaenda kwa wengine. Julai 1868 mto uliokuwa ukiwalisha ulifurika ukaangusha nyumba nyingi na kuua watu wapatao arobaini. Nyumba ya mawe ya George, iliyojengwa mwaka 1789, ilistahimili. Mwaka 1987 ilihamishwa ng'ambo ya barabara, mbali kidogo na maji.