Mgonjwa Akidhurika Hospitalini: NHS Inavyochunguza Sasa

Mgonjwa amepewa dawa isiyo yake, au ameanguka wodini usiku akavunjika nyonga. Familia huuliza kwanza: nani kafanya hivi? Hospitali za NHS (huduma ya afya ya umma) nchini England nazo zilikuwa na mwelekeo huohuo. Tukio zito lilifunguliwa jalada, na ripoti ikadaiwa ndani ya siku 60 za kazi. Ripoti nyingi ziliishia kupendekeza wahudumu wapewe mafunzo tena, na makosa yaleyale yakarudi.

Agosti 2022, NHS England ilitoa utaratibu mpya uitwao kwa kifupi PSIRF, kuchukua nafasi ya ule wa 2015. Hospitali zilitakiwa kuuanza kufikia vuli ya 2023. Unahusu England tu. Scotland na Wales zina taratibu zao.

Kilichobadilika

Mchunguzi haanzi na mtu, anaanza na kazi ilivyokuwa ikifanyika saa ile. Kama ni dawa iliyokosewa, atauliza: muuguzi alikuwa na wagonjwa wangapi? Je, chupa mbili zinazofanana zilikaa rafu moja? Alikatizwa mara ngapi akiandaa dozi? Kompyuta ilimwonya? Kumfukuza muuguzi na kuziacha chupa palepale ni kumtegea mtego atakayeingia zamu ijayo.

Lipo jambo ambalo familia nyingi hazitalipenda: si kila tukio huchunguzwa kwa kina. Vifo vinavyoelekea kusababishwa na kasoro za huduma lazima vichunguzwe, vivyo hivyo matukio yasiyopaswa kutokea kamwe, kama kupasua mguu usio wenyewe. Mengine kila taasisi huyapanga kwa mpango wake, na baadhi humalizwa kwa kikao cha timu kinachopitia kilichotarajiwa na kilichotokea. Usiporidhika na uamuzi huo, omba uelezwe sababu, tena kwa maandishi.

Nafasi yako

Tangu 2014 sheria inazitaka hospitali zimweleze mgonjwa au jamaa zake ukweli pale madhara yanapofikia kiwango cha wastani au zaidi, na ziombe radhi. Radhi hiyo peke yake si kukiri kosa kisheria, kwa hiyo daktari asiiogope.

Uchunguzi ukianza, ulizia mtu wa kuwasiliana naye. Mpe maswali yako mapema, kabla mipaka ya uchunguzi haijapangwa, na umweleze uliyoyaona kando ya kitanda. Mara nyingi ni jamaa aliyegundua kwanza kwamba hali imebadilika. Omba kusoma rasimu ya ripoti. Omba pia mkalimani wa Kiswahili, ni bure. Usimtwike mtoto wako kazi hiyo: hakuna mtoto anayestahili kutafsiri habari za kifo cha bibi yake.

Uchunguzi huu hautoi fidia wala hauamui hatia. Malalamiko rasmi kwa kawaida hupelekwa ndani ya miezi 12, na madai ya fidia mahakamani kwa kawaida ndani ya miaka 3, uchunguzi uwe umekwisha au bado.